Gitaa Lililokuwa na Namba

Mbele yangu ipo karatasi moja iliyopigwa chapa, imekunjwa mara nne hata mikunjo yake imeanza kutoboka. Ni orodha ya mali za bendi iliyokuwa chini ya shirika moja la umma jijini Dar es Salaam, iliyoandaliwa mwaka 1993 shirika hilo lilipokuwa likifungwa. Mstari wa sita unasema: gitaa la besi, moja, hali ya wastani. Pembeni yake ipo namba ya mali. Baba yangu mdogo, aliyelipiga gitaa hilo kwa miaka kumi na saba, ndiye aliyeitunza karatasi hiyo, na ndiye aliyenikabidhi nilipomwambia kwamba nataka kuandika juu ya wanamuziki wa dansi kama wafanyakazi. Jina lake halimo katika karatasi hiyo. Wala halimo, kama tutakavyoona, katika karatasi nyingine ambazo lilistahili kuwamo.

Shirika lenyewe sitalitaja. Wengi waliolisimamia wametangulia mbele ya haki na hawawezi kujibu. Na mambo ninayoyaeleza hayakuwa ya shirika moja.

Historia ya muziki wa dansi nchini mwetu, ndugu msomaji, kwa kiasi kikubwa ni historia ya waimbaji na wapiga solo. Tunamjua Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Tunamjua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Tunamjua Marijani Rajabu, tunamjua Muhiddin Maalim Gurumo. Lakini nenda leo katika baa yoyote ya Ilala au Magomeni, mtafute mzee aliyehifadhi kichwani vibao vyote vya Juwata na vya Mlimani Park, kisha umwombe akutajie nani alipiga besi katika kimoja kati ya hivyo. Atakutajia mwimbaji, mtunzi, mpiga solo, pengine na mpuliza saksafoni. Akifika kwenye besi atakuna kichwa. Mimi nimelifanya jaribio hili mara nyingi kuliko nilivyopaswa, na bili ya vinywaji nimeilipa mwenyewe.

Sababu moja ni ya kifundi tu, nami nilichelewa kuifikiria. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa sauti ya mitetemo 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya redio ya betri haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo. Na Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri. Bendi iliyotaka sahani ilipaswa kwenda Nairobi. Kwa wananchi walio wengi, kibao cha bendi kilikuwa ni kile kilichorekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, na kusikika kupitia spika isiyozidi kiganja cha mkono. Kwa hiyo kuna vijiji vilivyocheza dansi kwa miaka ishirini pasipo kuisikia besi barabara. Walioisikia ni wale waliofika ukumbini wakasimama karibu na maspika, na hao waliisikia zaidi kwa kifua kuliko kwa masikio.

Sababu ya pili ni ya kiuchumi, na ndiyo inayonishughulisha. Tuanze na chombo chenyewe.

Bendi za dansi zilikuwapo nchini tangu zama za ukoloni. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Bendi hizo za mwanzo zilikuwa vyama vya starehe. Wanachama walichanga, chama kikanunua vyombo, wanachama wakapiga na kucheza. Gitaa la besi la umeme, lililoingizwa sokoni Marekani na Leo Fender mwaka 1951, lilibadili mambo lilipotufikia. Gitaa la kawaida fundi wa mtaani aliweza kulitengeneza kwa mbao. Besi ya umeme haikuwezekana kutengenezwa hivyo, na hata ingewezekana, bila ya amplifaya na spika kubwa ni ubao wenye nyuzi nne. Mtu mmoja mwenye mshahara wa karani hakuweza kununua vifaa hivyo. Hapo ndipo swali la nani anamiliki vyombo lilipogeuka kuwa swali la nani anammiliki mpigaji.

Katika miaka ya baada ya Uhuru, jibu likawa: dola. Kuna kejeli hapa ambayo wanafunzi wangu huicheka kila mwaka. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wetu walifundishwa rumba, chachacha na twisti huku wengi wao hawajawahi hata kuziona ngoma zetu wenyewe. Miaka michache baadaye dola hiyohiyo, pamoja na chama na mashirika yake, ilikuwa mwajiri mkubwa wa wapiga rumba katika Afrika Mashariki. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipoundwa mwaka 1964 kilianzisha NUTA Jazz mwaka huohuo. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, washirika wakawa na Washirika Stars. Polisi, magereza na JKT nao hawakubaki nyuma. Rumba ilivikwa majina ya ngoma na kupewa uraia: Msondo, Sikinde. Sisemi kwamba huo ulikuwa unafiki. Watu walitaka kucheza, na dola iliyo na akili huwapa watu wake mahali pa kuchezea kabla hawajapatafuta wenyewe.

Baba Mdogo aliajiriwa mwaka 1974 akiwa na miaka 24. Barua ya ajira ilisema karani wa ghala. Alilifahamu ghala lilipo, aliniambia, kwa sababu vyombo vya bendi vilihifadhiwa humo. Mpango huo ulikuwa wa kawaida: mwanamuziki aliingizwa katika orodha ya mishahara kwa cheo fulani kilichokuwa wazi, akakatwa mchango wa Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, ule NPF wa tangu 1964, akapewa kitambulisho, kisha akapiga muziki. Mwanzoni alipiga gitaa la ridhimu. Mwaka 1976 mpiga besi aliyekuwapo akahamia bendi ya jeshi, na kiongozi wa bendi akamnyooshea kidole yeye. Hakuombwa. Katika bendi nyingi, alinieleza, besi hupewa mpiga ridhimu aliye mtulivu na asiyependa kuonekana. Wapenda kuonekana hupigania solo.

Siku yake ya kazi ilikuwa hivi. Jumatatu ni mapumziko, siku ya kufua na kulala. Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa, ni mazoezi ukumbini, viti vikiwa vimepandishwa juu ya meza na sakafu ikinuka bia ya Jumapili. Jumatano usiku hadi Jumapili ni dansi, na Jumapili huanza mchana kwa bugi la vijana. Hufika nyumbani saa kumi alfajiri, ikiwa gari la shirika lina mafuta. Likikosa mafuta, hulala juu ya jukwaa, kichwa juu ya kasha la amplifaya, hadi mabasi ya asubuhi yaanze. Nyumbani hakuwa na gitaa. La shirika halikuruhusiwa kutoka bila hati ya kutolea mali. Hivyo alifanya mazoezi kwenye ukingo wa meza ya chakula, vidole viwili vya kulia vikitembea juu ya mbao, na binamu zangu walikua wakidhani kila baba hula namna hiyo.

Nataka tukae kidogo kwenye mazoezi, kwa kuwa huko ndiko mali ilikozalishwa na ndiko ilikopotelea.

Mtunzi, ambaye aghalabu alikuwa mwimbaji, alifika na maneno na tuni. Pengine alikuwa na kipande cha karatasi, pengine hakuwa nacho. Aliimba peke yake mara mbili tatu. Kisha mpiga ridhimu akatafuta njia ya kupita, mpiga solo akatafuta salamu ya kufungulia, wapuliza tarumbeta wakakaa pembeni wakinong'onezana. Mpiga besi huyu hakushika gitaa mapema. Alikuwa akisikiliza mguu wa mpiga drams na mkono wa mpiga tumba, kwani kazi yake, kwa maneno yake, ni kuamua wapi pasipigwe. Ukisikiliza rekodi za Dar es Salaam za miaka ile kwa spika inayofaa utaona anachomaanisha: besi haikanyagi kila hatua ya wimbo, inasema neno, inanyamaza, inarudi ikiwa imechelewa kidogo, na katika huo ukimya ndimo wacheza dansi huweka kiuno. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni ya maneno, na hapo besi ni mtumishi. Wimbo ukiingia kwenye chemko, waimbaji wakapunguza, magitaa yakaanza kusukana, hapo besi ndiyo inayoshikilia ukumbi. Wimbo mmoja uliweza kuchukua wiki mbili za mazoezi kabla ya kupelekwa redioni. Mara nyingi chemko lote halikuwamo katika wazo la mtunzi hata kidogo. Lilizaliwa Jumanne na Jumatano, katikati ya watu kumi na wawili wenye njaa.

Redioni, fomu ilikuwa na nafasi ya jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtunzi. Mtunzi ni mwenye maneno. Nimewauliza wazee wa bendi tatu tofauti kama kuna aliyelalamika wakati ule, nao wote wamenishangaa. Maneno ndiyo wimbo, wakasema. Kwetu hivi ndivyo ilivyo. Nakubali kwamba utamaduni wa Kiswahili humheshimu mwenye maneno kabla ya mwenye sauti. Malenga ana jina, mpiga zumari hana. Lakini heshima ni jambo moja na hesabu ni jambo jingine. Fomu ile, iliyobuniwa kwa urahisi wa karani, ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi pekee wa nani alifanya nini, na sheria ilipoamka ilikuta ushahidi huo mezani.

Usiku, mambo yaliendelea vilevile kwa namna nyingine. Mwenye ukumbi alichukua bia, bendi ilichukua mlango. Wenye furaha walipanda jukwaani kutuza: noti kwenye paji la uso la mwimbaji, noti kwenye mfuko wa mpiga solo. Ili umtuze mpiga besi ulipaswa kumpita mwimbaji, mpiga solo na nyaya zote, ukafika nyuma karibu na drams, na mlevi hafiki mbali hivyo. Katika miaka kumi na saba Baba Mdogo anakumbuka kutuzwa mara nne. Mara moja ilikuwa ni kwa makosa.

Wapo watakaosema kwamba nachora picha ya dhuluma tupu. Hapana. Mshahara wa ghala ulifika mwisho wa mwezi, dansi lijae au lisijae. Na thamani ya kile kitambulisho tunaweza kuipima kwa mwaka mmoja tu, 1983, ilipotungwa sheria ya Nguvukazi iliyotaka kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi aonyeshe kwamba anafanya kazi. Misako ilipopita mitaani Dar es Salaam, mtu asiye na kitambulisho cha ajira aliweza kukamatwa kama mzururaji na kupelekwa mashambani. Fikiria mpiga besi wa bendi ya mtu binafsi, amelala nyumbani saa tano asubuhi kwa kuwa alirudi alfajiri: kwa mgambo, huyo ni nani? Karani wa ghala alitoa kitambulisho chake, akaendelea kulala. Na ilikuwa miaka ya vita kwisha na mafuta kuadimika, nyuzi za besi hazipatikani madukani. Zilizochakaa alizifungua, akazichemsha katika sufuria ili jasho na uchafu vitoke, akazikausha na kuzifunga tena. Mkewe alikuwa na sufuria moja maalumu kwa kazi hiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kuipikia wali.

Aidha, ni ajira hiyo iliyowezesha wiki mbili za mazoezi kwa wimbo mmoja. Bendi inayoishi kwa mlango peke yake haiwezi kuwalipa watu kumi na wawili kukaa ukumbini Jumanne asubuhi. Ubora tunaousikia katika rekodi zile ulilipiwa na viwanda na michango ya wafanyakazi, na nadhani ni lazima sisi tunaozibeza sera za zama zile tulikiri hilo kabla ya kuendelea.

Pigo lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Mwaka 1985, mashirika yakiwa hoi kifedha, uongozi wa shirika ulileta waraka: kuanzia sasa bendi itajitegemea. Neno hilo, lililotoka katika Azimio la Arusha likiwa na maana ya ukombozi wa taifa, lilirudi kwa wanamuziki likiwa na maana ya kuondolewa katika orodha ya mishahara. Wangelipwa kutokana na mlango, baada ya shirika kukata gharama za vyombo na usafiri. Vyombo viliendelea kuwa vya shirika. Kitambulisho walibaki nacho. Makato ya NPF yalikoma, ila hakuna aliyewaambia, na kwa kuwa stakabadhi ya mshahara haikuwapo tena, hakuna aliyeona. Mwaka huohuo mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki kadhaa mashuhuri wa Mlimani Park, Gurumo akiwa mmoja wao, kwenda Orchestra Safari Sound, na mji mzima ukazungumza juu ya bei ya waimbaji. Baba Mdogo naye alifuatwa, na mtu mwingine, kwa bendi nyingine. Alikataa. Alikuwa, alidhani, na kazi ya serikali.

Shirika lilipofungwa, waliofanya hesabu walifika ukumbini na daftari. Walihesabu spika, magitaa, drams, tarumbeta mbili, viti. Walimkuta akifanya mazoezi, wakamwomba aligeuze gitaa ili waisome namba iliyochorwa kwa rangi nyeupe nyuma yake. Akaligeuza. Mmoja akasoma, mwingine akaandika. Lilichukuliwa wiki iliyofuata. Hajui lilikwenda wapi. Nakala ya orodha aliiomba kwa karani aliyefahamiana naye, na mpaka leo hajui vizuri kwa nini aliiomba.

Alipotimiza miaka 55, mwaka 2005, alikwenda kufuatilia mafao. NPF ilikwisha geuzwa kuwa NSSF mwaka 1997. Aliambiwa kumbukumbu zinaonyesha karani wa ghala, miaka kumi na mmoja ya michango, kisha hakuna kitu. Muziki haukutajwa. Alipoeleza kwamba alikuwa mwanamuziki wa shirika hadi 1993, aliulizwa kwa upole kabisa kama ana uthibitisho. Alikuwa na karatasi ile ya mali. Aliitoa. Msichana wa kaunta aliisoma yote, mpaka mstari wa mwisho, akamrudishia akisema: mzee, humu hamna mtu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji, si mtunzi peke yake. Ni hatua. Lakini haki ya mpigaji huhitaji kwanza mpigaji ajulikane, na tumekwisha kuona fomu zilivyojazwa. Mwaka 2013 Gurumo alipostaafu baada ya zaidi ya nusu karne ya muziki, taifa liliguswa kusikia kwamba hakuwa na gari, na Diamond Platnumz akampa moja. Magazeti yaliandika sana juu ya ukarimu huo, na ulistahili kuandikwa. Mimi nilijiuliza swali la kihasibu: ikiwa mwenye jina, mwenye maneno, mwenye sauti iliyojulikana na kila mwenye redio alifika huko, aliyesimama nyuma yake karibu na drams alifika wapi? Gurumo alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Ipo kazi moja inayoweza kufanyika sasa, na haihitaji sheria mpya. Kanda za Radio Tanzania zipo katika hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa. Baadhi ya watu waliozipiga wangali hai, ingawa kila msimu wa mvua wanapungua. Mtu mwenye spika nzuri, daftari na subira anaweza kukaa nao, kanda kwa kanda, na kuuliza: hapa besi ni nani? Wanafunzi wangu wawili wameanza, kwa nauli zao wenyewe. Hadi sasa wana majina ya nyimbo 38, na ugomvi juu ya nyingine tano, kwa kuwa wapiga besi wawili wanadai kupiga wimbo uleule na kila mmoja anaweza kuonyesha kwa vidole.

Nilimpelekea Baba Mdogo nyimbo sita za bendi yake katika simu, pamoja na spika ya kukodi, ile ya harusi, maana ndogo ingetuharibia shughuli. Tuliiweka uani. Wimbo wa kwanza ulipoanza alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza risala. Chemko lilipoingia, dirisha la jirani likaanza kutetemeka, naye akainua mkono, akataka nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akasikiliza tena, akakunja uso.

"Hapo," akasema, "niliwahi. Nilipaswa kungoja."

Akaniomba niurudie tena.